Zaka Niliyowalipa Vibarua Wangu

Nimechoka na barazani kwangu. Nianze na hilo, maana wanaoniona nikipita na gari hapa Rasbura, Lindi, wanadhani mtu kama mimi huamka akichekelea. Kila siku nikitoka kuswali alfajiri nakuta watu wanne, watano, wamekaa kimya, kila mmoja katazama upande wake kama hawajuani. Mmoja ana karatasi ya hospitali. Mwingine mtoto wake karudishwa shule. Mwingine kafiwa na sanda haijapatikana. Najua kila mmoja kaja kwa lipi kabla hajafungua mdomo, naye anajua kwamba najua, lakini lazima tuanze na habari za kuamka, za watoto, na mvua huko kwenu vipi. Hizo salamu zinanichosha kuliko kinachotolewa.

Natoa, lakini. Siwezi kujidharau kwa kutaka kuonekana mnyenyekevu. Kisima cha msikiti wetu nilichimba mimi, na tenki lake nilipandisha mimi. Shule yetu ya msingi ina vyoo vya matofali kwa sababu yangu. Na nilianzia wapi? Niliishia darasa la nne, huko bara kwetu kwenye mikorosho, mzee wangu alipofariki. Nikateremka pwani na kaptula moja kubeba chumvi kwenye majaruba ya watu, yale ya kukaushia maji ya bahari, miguu peku. Asiyewahi kukanyaga maji ya chumvi akiwa na ufa kwenye kisigino hawezi kuelewa ninachosema. Leo majaruba yangu upande wa Kiswere, ukisimama kwenye tuta la kwanza, tuta la mwisho hulioni. Nina wanangu waliosoma. Binti yangu mwalimu ndiye aliyeninyooshea maandishi haya, lakini maneno ni yangu, na nilimkataza kuyapunguza.

Hakuna aliyenishika mkono isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa mbebaji mwenzangu, Mmatumbi wa milimani ndani ya Kilwa, Mkatoliki, kanizidi miaka kama kumi na miwili. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukata mpira wa tairi na kufunga miguuni. Nilipopata majaruba yangu nikamchukua awe nyapara, na mpaka leo ndiye nyapara wangu. Namwamkia shikamoo mbele ya vibarua wote, naye huitikia, "Marahaba, tajiri," kwa sauti ileile aliyokuwa akiniitia "we mtoto" zamani.

Sasa, mwezi wa Rajabu alikuja binti mmoja wa chuo kikuu. Tulikuwa tunafunga chumvi ya mwisho kwenye viroba kabla mvua hazijatuharibia. Akashuka kwenye bodaboda, kavaa viatu vya kuchekesha kwa tope lile, mkoba begani, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na benki au na chama?"

"Chuo, mzee. Nafanya utafiti."

"Wa chumvi?"

"Wa watu. Dini, kazi na kutoa."

"Kutoa nini?"

"Chochote mnachotoa. Nani anatoa, anampa nani, na anatoa kwa sababu gani."

Nikamwuliza kama na wao wanaolipwa kwa kuuliza huwa wanatoa. Akacheka, akasema hilo swali halimo kwenye fomu yake lakini atampelekea mwalimu wake. Nikampenda hapohapo. Nikamwekea kiti kwenye kivuli cha ghala.

Alianza kwa kunisomea masharti. Jina langu halitaandikwa popote. Nikamwambia aliandike, tena kwa herufi kubwa.

"Siruhusiwi, mzee. Utaitwa Mwajiri wa Kwanza."

"Na wa pili ni nani?"

"Hilo nalo siruhusiwi kusema."

Nilimjua wa pili. Ana majaruba ng'ambo ya mkono wa bahari, na chumvi yake ina mchanga. Nikasema haidhuru, ilimradi wa kwanza ni mimi.

Akaniuliza mengi. Naswali mara ngapi, na wapi. Kazi ikigongana na swala, nini kinangoja. Nilishawahi kumwajiri mtu kwa sababu ya dini yake, au kumwacha. Nikitoa, natoa kwa ndugu, kwa jirani, kwa msikiti, au kwa mtu nisiyemjua. Nilijibu mpaka kivuli kikatuhama tukahamisha viti. Sikufichi, nilifurahia. Watu huja kwangu kuomba. Huyu alikuwa wa kwanza kuja kusikiliza nilichokwisha kutoa.

Ndipo nikamweleza habari ya viroba. Kila Ramadhani, siku ya kwanza, vibarua wangu wote wanapanga mstari mbele ya nyumba yangu Rasbura, na mke wangu anawagawia. Mchele, sembe, sukari, mafuta, tende. Kila mtu kiroba kilichojaa, akitembea nacho kifuani barabara nzima inamwona. Wakimaliza wanainua mikono, shehe anaomba dua, tunaitikia amina. Huu ni mwaka wa kumi na ngapi sijui.

"Hiyo nichague wapi, mzee? Kuna sadaka, kuna zaka, kuna zawadi, kuna sehemu ya malipo ya kazi."

"Zaka. Chagua zaka. Ndiyo zaka ya mali yangu, naitoa yote hapo."

"Wanapata wafanyakazi wote?"

"Wote. Simbagui mtu mimi. Hata nyapara wangu, Mkatoliki yule pale, kiroba chake ni sawasawa na cha wenzake."

Kidole chake kikasimama juu ya kioo.

"Na kwa yeye nichague wapi?"

"Si hapohapo."

"Zaka anapewa hata Mkristo?"

Hakuuliza kwa ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa na msalaba mdogo shingoni, alikuwa hajui tu. Nikamwambia kwa huyo aandike zawadi.

"Kwa hiyo kiroba kilekile, kwake zawadi, kwa wengine zaka."

"Andika hivyo."

"Na posho ya Ramadhani ni ya kawaida?"

"Nusu. Wanafanya kazi nusu siku. Adhuhuri tunafunga, watu wana swaumu."

"Hata yeye ambaye hafungi?"

"Hata yeye. Atabaki kufanya nini peke yake?"

Akaandika, akapandisha ukurasa, akauliza habari za watoto wangu kama wanatoa. Nikamjibu, lakini sikumbuki nilijibu nini. Mwisho akaniomba ruhusa ya kuzungumza na vibarua, mmojammoja, bila mimi kuwepo. Nikampa. Nikamwona anakwenda kukaa na nyapara wangu juu ya viroba vya chumvi, mzee yule kavua kofia kama yuko kanisani.

Mimi si mtu wa kutikiswa na mtoto mwenye kishikwambi. Nimekaa na maofisa, nimekaa na wanunuzi wa Dar wanaojua kuongea mpaka unajikuta unatoa chumvi bure. Lakini lile swali lilinifuata nyumbani. Kusoma kwangu ni kwa shida, ila nguzo za dini ni tano na ninazijua tangu chuo cha Kurani. Kuhiji nimehiji. Swala, naswali. Kufunga, nafunga hata daktari akinuna. Zaka ndiyo hiyo ya viroba, sina nyingine. Kama ile siyo zaka, basi miaka yote hii nimekaa na nguzo nne, na huku daktari wa presha kaniambia moyo umetanuka, nipunguze chumvi. Mimi, nipunguze chumvi. Mtu anayeambiwa habari za moyo wake huanza kuwaza ataulizwa nini huko mbele.

Nikaenda kwa shehe baada ya swala ya alasiri. Ni kijana, kasoma ng'ambo, ananiita mzee wangu na ananiheshimu, na maji anayotawadhia anajua yalitoka mfukoni kwa nani. Nilitegemea atanituliza. Nikamweleza yote, nikaanza na Mkatoliki, nikidhani tatizo liko hapo.

"Huyo tumwache kwanza," akasema. "Wanavyuoni wana maneno yao juu ya huyo. Nieleze ile nusu."

"Nusu gani?"

"Nusu posho. Ulipoipunguza ulikubaliana nao nini?"

"Walikubali."

"Walikubali nini, mzee wangu? Walikubali nusu basi, au nusu na kiroba?"

Nikamwambia ni zamani, sikumbuki. Nilichokumbuka ni mwaka ule wa kwanza ulivyokuwa mgumu, na nilivyolala vizuri siku ile niliyogawa viroba.

"Kama kiroba kilikuwa ahadi ya kujazia posho," akasema, "basi kilikuwa chao. Umewapa haki yao, na Mungu akulipe kwa kutowadhulumu. Ila zaka ni kitu kingine. Huwezi kumpa mtu kama zaka kile anachokudai."

"Na kama haikuwa ahadi?"

"Basi huna tatizo. Yupo anayekumbuka?"

Yupo. Nilijua yupo, na nilijua hasahau kitu. Mzee yule anakumbuka hata jina la mbwa wa mwenye majaruba tuliyeanzia kazi kwake.

Nikaenda Kiswere kesho yake. Nikamkuta nyuma ya ghala anakula muhogo wa kuchemsha na chumvi yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba, tajiri. Karibu muhogo."

"Nimeshiba. Yule binti alikuuliza nini?"

"Aliniambia ni siri."

"Mimi ndiye mwajiri wako."

"Ndiyo maana ikawa siri."

Akaendelea kutafuna. Nikakaa juu ya kiroba, magoti yakalia. Nikamwambia sitaki siri ya yule binti, nataka anisaidie kukumbuka mwaka wa kwanza wa viroba, nilisema nini.

"Unataka nikutulize au nikwambie?"

"Niambie."

"Ulikuwa huna kitu," akasema. "Chumvi imejaa ghalani, mnunuzi haonekani. Ramadhani ile ilikuwa inaangukia kwenye jua kali la msimu wa kukwangua chumvi, siyo kama sasa ilivyorudi kwenye mvua. Watu wanaanguka. Ukasimama kwenye tuta lile pale, viatu mkononi, ukasema: jamani, mwezi huu tufanye nusu siku. Posho nitatoa nusu. Nusu ya pili nitaileta kwa chakula, kuna mwenye duka kanikubalia nichukue. Mtu asiyetaka aseme sasa. Hakuna aliyesema. Ukaleta. Ulikuwa mwaminifu."

Alivyotaja viatu mkononi nikajiona. Nilikuwa na viatu vipya vyeusi, vya kwanza vya ngozi maishani mwangu, sikutaka viloe. Nikakumbuka na tuta lenyewe, na uso wa mama mmoja mfungaji wa viroba vya chumvi aliyekuwa akihesabu kichwani watoto wake kabla ya kukubali. Yote yalikuwepo. Nilikuwa nimeyafunika na ule mstari wa mbele ya nyumba na zile dua.

"Na mwaka wa pili?"

"Mwaka wa pili ulikuwa na hela. Tukajua utarudisha posho nzima. Ukaleta nusu na viroba. Tukasema sawa, ndiyo mkataba."

"Mimi nilikuwa natoa zaka."

"Moyoni mwako sikuwemo."

"Nimelisema neno zaka kwenye kipaza sauti."

"Msikitini siingii, tajiri."

Nikakasirika, sikufichi. Nikamwuliza kwa nini miaka yote hakunivuta pembeni, yeye aliyenifunga mipira miguuni. Wanainua mikono, wanaomba dua, wananiitikia amina, kumbe wanapokea posho.

"Mtu akiletewa chake kwa heshima si anashukuru," akasema. "Wao wakiinua mikono, mimi navua kofia. Ulitaka tukuzomee?"

Kisha nikafanya jambo ambalo naliandika ingawa binti yangu aliniuliza mara mbili kama kweli nataka liwemo. Nilimwambia: "Wewe ukisema tu kwamba ilikuwa hiari yangu, ukamwambia shehe hivyo, kwako kitapungua nini?"

Akafuta mikono kwenye suruali.

"Kwangu hakitapungua kitu. Nenda kamwambie nimesema hivyo. Sitakuumbua."

Angenikatalia ningepata pa kusimama. Lakini aliniachia tu, kama mtu anavyoachia mzigo mwenzake aupokee, akarudi kwenye muhogo wake. Nikaendesha mpaka nyumbani bila kuwasha redio.

Wiki ya mwisho ya Shaabani nikawakusanya. Nikawaambia Ramadhani hii nusu siku iko palepale, posho nzima, viroba hakuna. Nilidhani watafurahi. Wakatazamana.

"Bosi, mambo yamekaza?" akauliza kijana mmoja wa toroli.

"Hayajakaza."

"Mbona unatutisha, basi?"

Mama mmoja mfungaji akamjibu yeye badala yangu. "We nyamaza. Bora hela. Kiroba hukifichi. Kikifika barabarani shangazi wote wanajua, mawifi wote wanajua, mpaka jioni nimebaki na tende."

"Wewe na hizo tende hukuwahi kunigawia," mwingine akasema.

"Kwani wewe shangazi yangu?"

Wakacheka, kazi ikaendelea, na mimi niliyekuwa nimelala siku tatu nikipanga hotuba nikabaki nayo. Nyapara alinisindikiza mpaka kwenye gari, akafunga mlango wangu kwa nje, akasema, "Watu watasema umeacha kutoa." Nikamwambia najua. Nilikuwa sijui.

Siku ya kwanza ya Ramadhani mtaa mzima ulitoka kuangalia mstari na mstari haukuwepo. Siku ya tatu mke wangu akarudi sokoni kaninunia. Yeye ndiye aliyekuwa akigawa, na kila mwaka alikuwa akishona gauni la siku ile. Nilikuwa nimemweleza habari nzima akanielewa, lakini kunielewa sebuleni ni tofauti na kukaa na habari hiyo sokoni.

"Wananiuliza kama unaumwa," akasema.

"Waambie mzima."

"Nimewaambia. Wananipa pole."

Shehe alinisaidia kupiga hesabu ya zaka za nyuma, ile niliyodhani nimeitoa na sikuitoa. Haikuwa ndogo. Kumiliki mali na kushika hela si kitu kimoja, kwa hiyo nikauza Fuso moja kati ya mbili zangu za kubebea chumvi. Hapo ndipo nilipojimaliza kabisa machoni pa watu. Kwa kinyozi, nikiwa na povu kidevuni, nikasikia mtu nyuma ya pazia akisema mzee wa chumvi kaisha, benki imemchukulia gari, watoto walisomeshwa mno. Kinyozi akakohoa. Yule mtu akaendelea, akasema na majigambo yale. Mimi niliyejenga vyoo anamojisaidia mwanawe. Nilikuwa na majibu matano mdomoni, lakini jibu la kweli lilikuwa refu, na lilikuwa linaanza na kukiri kwamba kwa miaka yote hiyo sikutoa zaka. Nikamwacha kinyozi amalize.

Asubuhi barazani waliopungua walikuwa wengi. Siku moja nilitoka nikakuta mtu mmoja tu, naye alikuja kuniuliza kama nauza na hii Fuso ya pili.

Likabaki swali la nani wa kumpa. Utacheka, lakini nilikaa siku nzima nikitafuta maskini. Wote ninaowajua ama wananifanyia kazi, ama wanakaa barazani kwangu, na wa barazani nilijua nikiwapa wao nitakuwa nanunua yale maneno yarudi kuwa mazuri. Shehe akasema tafuta mahali hawakujui. Akampigia imamu mmoja wa kijiji huko juu Rondo, ambako mikorosho msimu ule ilitoa maua yakaungua. Imamu akaandika kaya: wajane, wazee, watu wenye wagonjwa. Nikanunua chakula, nikapakia Fuso iliyobaki, nikaendesha mwenyewe, na swaumu yangu. Dereva angerudi mjini na habari.

Ile barabara ya kupanda ilinyeshewa, tope mpaka kwenye vioo. Nilifika adhuhuri inakaribia, mgongo umekakamaa. Walikuwa wameshakusanyika kwenye uwanja wa msikiti, wamevaa nguo zao nzuri. Tukashusha, imamu akaita majina, kila mtu akachukua chake akarudi kukaa chini. Hakuna aliyeondoka. Nikamwuliza imamu wanangoja nini. Bibi mmoja aliyekuwa karibu akajibu.

"Picha mnapiga saa ngapi, baba? Jua linatuchoma."

"Hakuna picha, bibi."

"Basi tunatia dole gumba wapi?"

"Hakuna dole gumba. Nendeni nyumbani."

Wakaangaliana vilevile kama vibarua wangu walivyoangaliana. Wakaanza kuinuka, pole pole, wakigeuka nyuma kama watakaoitwa. Akabaki mzee mmoja mwembamba wa umbo, ana jembe begani, kiroba chake kakilaza kwenye kivuli.

"Kazi yake iko wapi?" akaniuliza.

"Kazi gani, mzee wangu?"

"Ya hiki. Mwaka juzi walileta, tukachimba mfereji. Kabla ya hapo walileta, tukapanda miti. Nimekuja na jembe."

"Hiki hakina kazi. Ni zaka."

"Hakina kazi," akarudia, kama anayeangalia bidhaa upande wa pili. Akaenda zake. Nikashukuru, nikaegemea gari nikafumba macho. Nikasikia maji. Nilipofumbua, mzee yuleyule alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele na ndoo na tambara la gunia, anasugua tope.

"Mzee, acha."

"Gari lako chafu."

"Nakuomba uache."

"Huwezi kuingia nalo mjini hivi, watakucheka."

Nikashika ndoo. Naye akashika ndoo. Wazee wawili wenye swaumu, tunavutana ndoo ya maji mbele ya msikiti, imamu katoa macho mlangoni. Nikamweleza nikihema: ukiosha gari kwa ajili ya kiroba, kiroba kitakuwa malipo, na kikiwa malipo siyo zaka, na mimi nimeuza gari zima ili iwe zaka, sina Fuso nyingine ya kuuza zaidi ya hii unayoiosha. Nikamweleza na habari ya nusu posho, yote, mtu nisiyemjua jina. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuachia ndoo.

"Hiyo ndogo," akasema. "Nilipe kuosha. Kiroba kikae peke yake."

"Shilingi ngapi?"

Akanitajia bei ya Lindi mjini, tena ya gari la kuoshwa kwa sabuni. Nikafungua mdomo kumwambia hapa ni Rondo na maji ni ya mvua, mazoea tu hayo, nikaufunga. Nikatoa, nikampa mkononi kabla hajaanza upya, ili isije ikachanganyika. Akaifunga kwenye pindo la kikoi, akachuchumaa tena.

Gari lile lina matairi sita. Aliyaosha yote, moja baada ya jingine, hana haraka, na mimi nikakaa kwenye gogo nikimngoja mtu niliyemwajiri amalize.